Mpekuzi Habebi Kibuyu

Jumatatu, 6 Novemba

Tangazo limebandikwa ofisi ya kata. Nimelisoma mara tatu. Mara ya tatu kwa kukisia, maana Rwekaza jirani yangu aliazima miwani yangu ili naye asome.

Chuo cha maafisa wa jeshi kinataka vijana. Kila kata ipendekeze jina moja, lipelekwe wilayani kwenye usaili. Moja. Kagondo nzima, jina moja. Awe amemaliza kidato cha sita, ana afya, ana tabia njema, hajazidi miaka ishirini na nne, hajaoa wala kuolewa wala kuchumbiwa.

Binti yangu Alistidia anatimiza ishirini na tano mwezi wa tatu. Kwa hiyo ni safari hii au basi tena. Jeshi amelitaka tangu darasa la sita. Kila alfajiri anakimbia mpaka barabara kuu na kurudi, na akirudi ananikuta bado natafuta kandambili ya pili.

Jioni kaniambia fomu ameshapeleka mwenyewe, na vyeti, na picha. Akasema Tata, ndivyo anavyoniita mimi baba yake, hakuna cha kufanya tena, ni kusubiri tu. Nikamwambia nimeelewa.

Mtoto hajui dunia. Nani amewahi kuona jina linatembea lenyewe? Na Rwekaza amepeleka jina la mwanawe Kamala. Rwekaza ni mwalimu mstaafu wa hisabati, nusu ya maofisa wa mji huu aliwachapa viboko. Mimi ni fundi redio niliyestaafishwa na simu. Ninaowajua mimi ni wenye redio mbovu.

Nikateremka mjini Bukoba kwa Bashiri, rafiki yangu mwenye duka la vitambaa. Babu yake alitoka Pangani, na Bashiri aliwahi kushona sare za mgambo, kwa hiyo mambo ya serikali anayajua kwa ndani. Akanipa siri. Jina haliamuliwi ofisini. Anatumwa mpekuzi. Huja kama mtu wa kawaida, hana sare wala kitambulisho. Huuliza nyumbani na kwa majirani: ukoo ukoje, kuna wagonjwa, kuna aliyefungwa, binti ana mwenendo gani. Akiondoka hujui kama alikuja.

Nikamuuliza nitamtambuaje sasa. Akasema hapo ndipo penye kazi, mzee wangu. Kaa macho.

Nimekaa macho.

Jumanne, 7 Novemba

Nimeandika majibu kwenye karatasi na kuyasambaza nyumba sita za jirani, ili mpekuzi akija wote waseme kitu kimoja. Alistidia ni mtiifu. Alistidia hasemi uongo. Alistidia hajawahi kuugua isipokuwa surua, na surua yenyewe ilikuwa ndogo.

Bibi Gaudiosa wa ng'ambo ya njia hajui kusoma, lakini karatasi kaipenda, kaitundika ukutani karibu na cheti chake cha kipaimara. Rwekaza kaisahihisha kwa kalamu nyekundu na kunirudishia. Nimepata kumi na moja kwa ishirini. Kaandika chini: umerudia neno "mtiifu" mara tisa.

Saa nane kapita mtu ananunua parachichi. Aliangalia nyumba kwa muda mrefu. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba binti yangu anabeba gunia la parachichi peke yake bila kusaidiwa. Akauliza kama anatafuta kibarua. Nikasema hapana. Akaondoka na parachichi zote za mti wa nyuma kwa bei ya aibu.

Sidhani alikuwa yeye. Lakini huwezi kujua.

Agnetha mke wangu kauliza kwa nini natabasamu kwa kila anayepita njiani. Nimemwambia ni afya.

Alhamisi, 9 Novemba

Amekuja.

Agnetha alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Maruku kwa dada yake aliyejifungua. Alistidia yuko shuleni anakojitolea kufundisha. Niko peke yangu barazani na redio isiyo na matumaini. Akaingia mtu wa makamo, koti la kahawia, viatu vinang'aa. Novemba, mvua hii, Kagondo yote tope, yeye viatu vinang'aa. Nani kamfundisha kukanyaga namna hiyo?

Akajitambulisha kwa jina la Mutalemwa wa Muleba. Akasema alikuwa anapita tu, akavutiwa na migomba yangu. Hapo nikajua kwa hakika. Migomba yangu ina mnyauko. Haijamvutia mtu tangu mwaka juzi.

Nikamkaribisha, nikamtolea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama inavyopasa. Akachukua punje mbili, akatafuna, akaanza. Na aliuliza, nusura nicheke, aliuliza yale yale ya Bashiri, kwa mpangilio ule ule. Ukoo wetu unatoka wapi? Kuna maradhi yanayotembea ndani yake? Kuna mtu aliyewahi kufungwa? Huyu binti ambaye habari zake anazisikia ana mwenendo gani?

Nikafungulia. Anaamka saa kumi na moja bila kuamshwa. Analima nusu eka kabla ya chai. Analala popote, hata chini, hata penye mvua. Krismasi iliyopita mbuzi kamchinja yeye mwenyewe, wajomba wameshika tama. Halii. Ukimwambia simama, anasimama.

Mzee Mutalemwa akawa anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza wimbo. Akauliza kama anajua kupika. Swali la ajabu kidogo, lakini jeshi nalo linakula. Nikamwambia kwenye mkutano wa kwaya aliwapikia watu mia mbili. Akasema mia mbili? Nikasema ikibidi, mia tatu.

Kisha akauliza mwiko wa ukoo wetu ni mnyama gani. Hapo nilitatizika. Jeshi linataka nini na mwiko wetu? Baadaye nikang'amua: rasheni. Wasije wakampikia nyama asiyokula. Hawa watu wamejipanga.

Aliponiaga alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema waitu, neno letu la heshima, utatusikia.

Sijamwambia Alistidia. Siri ya serikali.

Jumamosi, 11 Novemba

Siku kubwa. Naandika mistari ikipinda, sehemu kwa furaha na sehemu kwa sababu nitakayoeleza.

Saa kumi na mbili alfajiri hodi mlangoni. Alistidia ameshatoka kukimbia. Agnetha bado yuko Maruku. Nikafungua, nikamkuta Mzee Mutalemwa pamoja na mzee mwingine, mrefu, mwenye kofia na bakora. Wamebeba kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, kilichofungwa jani bichi la mgomba.

Nilistaajabia ujanja wao. Nani atamshuku mpekuzi mwenye kibuyu cha pombe? Nami sikuonyesha kushtuka.

Wakaketi. Mzee mrefu akasafisha koo. Akasema wamepata habari kwamba katika kibanja hiki umo mgomba mmoja umenyooka, upepo haujauinamisha. Wamekuja kwa heshima kuomba wauhamishie kwao.

Lugha ya mafumbo. Nimeisikia kwenye redio, vita nyingi zimepiganwa hivyo. Nikasimama wima, mikono ubavuni, nikasema mgomba ni wenu, waitu. Kaupandeni popote taifa linapouhitaji.

Wakatazamana. Mzee mrefu akasema wao walikuwa wamefikiria Muleba. Nikasema hata Muleba ni taifa.

Wakachomeka mrija kwenye kibuyu, wakanielekezea nionje wa kwanza. Hapo nikasita. Pombe, alfajiri, mbele ya wapekuzi? Huenda wanapima kama baba ni mlevi. Nikavuta funda dogo, la nidhamu. Wakaendelea kunitazama. Basi huenda wanapima utiifu. Nikavuta la pili, kubwa. Wakapiga makofi. Mzee mrefu akafuta machozi. Sijapata kuona watumishi wa umma wenye moyo namna ile.

Nikawaomba jambo hili lisimfikie Rwekaza. Wakasema hiyo ni busara, mambo kama haya yatulie kwanza hadi familia zikutane. Nikasema sawa, ingawa sijui familia zote za wanafunzi wa chuo zitaenea wapi.

Kibuyu wameniachia. Nimevuta mara nyingine mbili tatu kwa ajili ya nchi.

Jumapili, 12 Novemba

Agnetha karudi mchana. Akaona kibuyu kwenye kona. Hakutua mkoba. Akauliza nani anaolewa humu ndani.

Nikamwambia aketi, ni jambo la serikali. Hakuketi. Akaanza kunihoji. Walikuja alfajiri? Ndiyo. Wawili? Ndiyo. Mmoja akaongea habari za mgomba? Hapo nikashangaa siri imevujaje mpaka Maruku. Na wewe ukaonja wa kwanza? Nikasema mara mbili, kwa nidhamu.

Sasa akaketi. Akasema kwa sauti ya chini: Rugaibula, umemwoza mtoto.

Ninataka kuandika hapa kwa haki. Mimi ni Mhaya, mwana wa Mhaya. Kibuyu kama kile nilikipeleka mwenyewe kwa baba mkwe, Maruku, mwaka ninaoukumbuka vizuri. Nimekuwa msemaji kwenye posa mbili, na moja nilisifiwa. Kabla ya posa upande wa mume hutuma mtu kuchunguza ukoo wa binti kimyakimya, hilo mtoto mdogo analijua. Na wanakuja alfajiri. Na baba akionja, amekubali. Yote nayajua. Lakini macho yangu yalikuwa yamejaa sare za jeshi, na mtu akitazama sare haoni kibuyu.

Alistidia akaingia, ametoka kwaya, na joho lake. Mama yake akamweleza. Akatoa simu, akatafuta ile picha ya tangazo aliyoipiga, akanisomea sentensi moja: hajaoa wala kuolewa wala kuchumbiwa.

Kisha akatoka kukimbia. Na joho la kwaya.

Niliona aibu, siwezi kuficha. Lakini aibu haimwokoi mtu. Lazima kibuyu kirudi Muleba kabla habari haijafika ofisi ya kata.

Jumanne, 14 Novemba

Posa hairudishwi na baba mwenyewe. Lazima uwe na msemaji. Agnetha amenikataza nisiende kwa mzee yeyote wa ukoo, anasema habari itafika Karagwe kabla yetu. Basi nikamchukua Bashiri.

Jambo lingine ni kwamba kibuyu hakirudishwi kitupu. Ni ukosefu wa adabu, hata kwa mtu unayemkataa. Na chetu kilikuwa kitupu, kwa sababu za nchi nilizokwisha kuzitaja. Nikanunua lubisi nyingine, nikakijaza. Bashiri, ambaye hajawahi kugusa pombe, alikipakata mpaka Muleba kama mtoto mchanga wa mtu mwingine.

Nyumbani kwa Mzee Mutalemwa tulikuta watu kumi na wawili. Shangazi mmoja alikuwa amefika kutoka Biharamulo. Nikamkumbusha Bashiri sikioni: sema tunarudisha, basi. Akasema ondoa shaka.

Lakini Bashiri ni mtu wa asili ya pwani, hawezi kuingia kwenye neno moja kwa moja. Akaanza na salamu. Akaulizia wazee. Akatoa pole kwa marehemu wa nyumba ile, ambao hakuwajua, akaomba majina yao, akatoa pole kwa kila mmoja. Alipokuwa anakaribia neno lenyewe, ndizi na sangara vikaletwa. Alipomeza tonge la kwanza, mzee mrefu akafunua kibuyu, akakikuta kimejaa, akasimama na kusema hajaona wakwe waungwana kama hawa. Wameletewa kimoja, nao wamejibu kwa kimoja. Wote wakapiga makofi. Vigelegele.

Bashiri akanitazama. Nami nikamtazama. Kinywa changu kilikuwa na ndizi.

Nikaomba angalau nimwone kijana mwenyewe, anaitwa Byabato, anauza dawa za mifugo karibu na stendi. Wakasema yuko kazini, ataelezwa.

Tumerudi Bukoba na mbuzi. Zawadi ya mama wa binti. Agnetha akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akaingia ndani na kufunga mlango. Mimi na mbuzi tukabaki nje tukijiuliza.

Jumatano, 15 Novemba

Leo angalau nimefanya jambo moja la akili.

Asubuhi nilikuwa nikimfunga mbuzi kwenye mgomba, akaja mama mmoja wa miaka kama hamsini, mwavuli mweusi, daftari. Akasalimia vizuri. Akasema angependa kujua habari za binti anayeitwa Alistidia.

Safari hii sikudanganyika. Mwanamke wa umri ule, mpole, anauliza habari za binti: shangazi wa bwana harusi. Wamemtuma kuhakikisha kabla ya kuendelea. Na papo hapo nikaona njia. Nikimkataa mimi ni fedheha. Akikimbia mwenyewe, hakuna lawama kwa mtu.

Nikamwambia mama, nitasema ukweli kwa sababu una uso wa heshima. Binti yule anaamka saa sita. Mchana. Akiona damu, hata ya kuku, anaanguka. Ana pumu. Ukimtuma kushoto anakwenda kulia, na njiani anakutukana. Kwenye ukoo tuna baba mdogo aliyeongea na migomba kwa miaka minane, na ikamjibu. Babu yetu alifungwa kwa magendo ya kahawa.

Alikuwa anaandika yote. Nikampa nafasi amalize sentensi ya babu.

Akauliza kama binti ana mchumba. Nikaona hapa ndipo pa kugongea msumari. Nikasema anaye, tena pombe tumeshakunywa, na mbuzi wa posa ni huyu hapa. Akamtazama mbuzi. Mbuzi naye akamtazama kwa namna ya kuthibitisha.

Akaomba jina langu kamili na namba ya kitambulisho cha taifa. Shangazi makini sana. Nikampa. Akanishukuru, akafungua mwavuli, akaenda kugonga kwa Rwekaza. Vizuri. Rwekaza hajawahi kusema jema juu ya nyumba hii, amalizie.

Nimelala mchana huu kama mtu aliyelipa deni.

Ijumaa, 17 Novemba

Nilipita ofisi ya kata kuona kama jina limebandikwa. Mlango wazi. Mwavuli mweusi umetundikwa kwenye msumari. Mwenye mwavuli yuko pembeni ya meza ya mtendaji, anakunywa chai.

Mtendaji akanitambulisha kwa ukarimu. Huyu ni Bi Ephrasia, katoka wilayani, ndiye anayefanya upekuzi wa vijana wetu.

Nilimsalimia. Akanijibu kwa majina yangu yote matatu.

Nikasema mama, yale niliyokueleza juzi hayakuwa sawa. Akauliza yapi. Nikasema yote. Akafungua daftari, akaandika. Akauliza na mbuzi? Nikasema mbuzi ni wa kweli. Akaandika hilo pia. Akauliza kama kuna jambo jingine ningependa kulikanusha leo au nitarudi siku nyingine.

Njiani sikutabasamu kwa mtu yeyote.

Nyumbani nikawaeleza wote wawili kwa pamoja, ili nisieleze mara mbili. Agnetha akashika kichwa. Alistidia akakaa chini, mgongo ukutani, macho kwenye viatu vyake vya kukimbilia. Nilidhani atalia. Nilitamani alie. Miaka kumi na mbili anakimbia alfajiri, na mimi nimeifuta kwa asubuhi moja, nimeketi.

Kisha akanyoosha mkono, akasema Tata, nipe namba ya Mzee Mutalemwa.

Kwa mzee akapata namba ya Byabato. Akatoka uani, akampigia. Hazikupita dakika tano, nikamsikia anacheka. Akarudi na maelezo, akatusomea kama taarifa ya habari. Byabato hajui chochote. Kaambiwa jana kwamba amechumbia. Ana mchumba wake, muuguzi, Biharamulo, ndoa ni Pasaka. Mambo yote ni ya baba yake mdogo Mutalemwa, aliyemwona Alistidia kwenye mashindano ya kwaya na kuamua kumfanyia mtoto wa kaka yake jambo la kumshangaza. Tangu jana Byabato anatafuta namba yangu aombe radhi.

Alistidia kamwomba aandike barua kwamba hakuna uchumba wala haukuwapo, aitume kwa basi la kesho. Ataipeleka kwa Bi Ephrasia mwenyewe, pamoja na cheti cha hospitali kwamba hana pumu.

Nikajitolea kumsindikiza. Sauti tatu zikasema hapana kwa pamoja: ya Alistidia, ya mama yake, na ya Rwekaza kutoka ng'ambo ya ua.

Jumatatu, 20 Novemba

Hakuna habari. Barua ilifika, imepelekwa. Mzee Mutalemwa kapiga simu kuomba radhi, tumeongea saa nzima. Mtu wa maana sana. Anasema watoto wa siku hizi hawasaidiki. Nikasema ni kweli, unawakimbilia wao wanakukimbia. Mbuzi, mzee kasema tukae naye.

Nisichokijua ni Rwekaza kasema nini kwa Bi Ephrasia. Kamala anagombea nafasi hiyo hiyo, na jina ni moja. Nikapiga moyo konde, nikaenda kumuuliza.

Hakuficha. Kasema aliulizwa juu ya baba, akajibu kwamba baba mtu hana akili siku za kazi, na Jumapili hupumzika. Akaulizwa juu ya binti, akajibu kwamba kwa miaka aliyokaa hapa hajawahi kumwona akichelewa wala kumsikia akidanganya, na kama jeshi halimtaki basi jeshi lina shida.

Nikauliza na Kamala je? Akasema Kamala hukimbia mvua ikinyesha, kuelekea nyumbani. Akasema yeye ni mwalimu, hawezi kutoa alama ambazo hazipo, hata kwa mwanawe.

Nimekaa nikitafakari. Mtu anajaribu kutumia mbinu gani hapa? Kumsifia mpinzani? Kuna kitu anakitafuta, na mimi bado sijakiona. Nitamchunguza.

Jumatano, 22 Novemba

Limebandikwa. Alistidia Rugaibula. Jina moja, wino mweusi, muhuri.

Agnetha kalia pale pale kwenye ngazi za ofisi. Bibi Gaudiosa kapiga vigelegele ingawa hakuna aliyemsomea tangazo. Alistidia alisimama mbele ya ubao kwa muda, akagusa jina lake kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima kama rangi imekauka. Kisha akamkumbatia mama yake, akampa mkono Rwekaza, akanijia mimi. Akaninong'oneza asante, Tata. Sijui asante ya nini, lakini nimeipokea.

Mtendaji kaniita ndani, akaniruhusu nisome maoni ya mpekuzi. Nimeyanakili: "Mwombaji ameonyesha utulivu na uamuzi wa haraka katika mazingira magumu ya nyumbani."

Nimeyatafakari tangu mchana. Mazingira gani magumu? Umeme upo. Maji yanatoka siku nne kwa wiki. Bashiri anadhani ni bati la jikoni, linavuja na mpekuzi wa kweli huona mpaka juu. Agnetha nilipomuuliza alitoka nje, mabega yanatikisika. Nadhani bado ni ile furaha.

Hata hivyo ukijumlisha unaona. Ningekaa kimya tangu mwanzo, kama nilivyoshauriwa, huyo Bi Ephrasia angeuonea wapi huo uamuzi wa haraka?

Alhamisi, 23 Novemba

Usaili wilayani ni Jumatatu. Alistidia kanikalisha asubuhi, kanishika mikono yote miwili, kaniomba kitu kimoja tu: mpaka nitakapoondoka, Tata, usifanye chochote. Nimemwahidi kwa moyo wangu wote. Agnetha alikuwa shahidi.

Na nimetimiza. Ni saa kumi jioni sasa na sijafanya chochote.

Ila Bashiri kaniletea habari kwamba siku ya usaili kutakuwa na daktari wa kuwapima, anaitwa Ismail, tena ni mteja wake wa vitambaa vya suti. Nimekumbuka kwamba Alistidia alipokuwa na miaka minne alichomwa sindano akazimia, tukamwagia maji ndoo nzima. Daktari asiyejua hilo anaweza kushtuka. Kesho nitapita kwake, nimweleze mapema, kwa maandishi, ili asije akashangaa.

Nitaanza na salamu. Kumsalimia mtu si kufanya kitu.